Ulimwengu wa mizunguko au mfumuko? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka kila inapozungumzwa habari ya chanzo cha ulimwengu. Nimeanza na ya msingi, nikaishia na yale yanayowagombanisha wanafizikia wenyewe. Sitaficha ninakoegemea: modeli za mzunguko, zinazosema ulimwengu hupanuka, husinyaa na kuanza upya, zinastahili heshima kuliko zinayopata, ila si kwa sababu ambayo wengi hudhani. Watu huzipenda kwa kuwa zinaonekana kufuta mwanzo wa ulimwengu. Mimi nazipenda kwa kuwa zimejiwekea mtego ambao kipimo kimoja tu kinaweza kuzinasa.

Je, modeli hizi zinakana Mlipuko Mkuu?

Hapana. Pande zote mbili, ya mzunguko na ya mfumuko, zinakubali kwamba miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu ulikuwa na joto kali na msongamano wa ajabu, na kwamba tangu hapo unapanuka na kupoa. Galaksi zinatengana, kiasi cha hidrojeni na heli kinalingana na hesabu, na anga lote limejaa mnururisho wa mikrowevu wa mandharinyuma, masalio ya joto lile la mwanzo, ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa huko New Jersey mwaka 1964. Hakuna anayebishana juu ya hayo. Ubishi uko katika kilichotangulia hali hiyo ya joto: je, ulikuwa mpanuko wa kasi ya kutisha au kusinyaa kwa polepole?

Mwaka 2022 yalisambaa mitandaoni madai kwamba darubini ya James Webb "imeua" Mlipuko Mkuu. Haikuua kitu. Iliona galaksi za kale zinazong'aa kuliko ilivyotarajiwa, jambo linalohusu namna nyota na galaksi zilivyoundwa mapema.

Mfumuko ni nini, na ulihitajika kwa nini?

Mnururisho wa mandharinyuma una joto la kelvini 2.725 kila upande unaotazama. Tofauti kati ya sehemu na sehemu ni takriban moja ya mia elfu. Sasa chukua pande mbili za anga zinazotazamana. Mwanga wa kila upande ndio kwanza unatufikia sisi tulio katikati, kwa hiyo pande hizo hazijawahi kupashana habari wala kubadilishana joto katika historia ya kawaida ya Mlipuko Mkuu. Ni kama kukuta kikombe cha chai Lamu na kingine Kigoma, vimemiminwa na watu wasiojuana, na vyote vina joto lilelile hadi sehemu ndogo kabisa ya digrii. Lazima utauliza nani alivipanga.

Kuna pia suala la unyoofu. Nafasi ya ulimwengu haina upindo unaopimika, na ili iwe hivyo leo ilibidi mwanzoni iwe nyoofu kwa usahihi usioelezeka.

Mwaka 1981 Alan Guth alipendekeza jibu: katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, ulimwengu ulipanuka angalau mara 10 kwa kipeo cha 26. Eneo dogo lililokuwa limekwisha kusawazika likavutwa likawa kubwa kuliko yote tunayoyaona, na upindo wowote ukanyooshwa. Aleksei Starobinsky, katika Umoja wa Kisovyeti, alikuwa na wazo la jamii hiyo mwaka mmoja kabla. Toleo la Guth lilikuwa na kasoro katika namna ya kumaliza mfumuko, na mwaka 1982 Andrei Linde kwa upande wake, na Andreas Albrecht pamoja na Paul Steinhardt kwa upande wao, wakairekebisha.

Kikubwa zaidi ni kwamba mfumuko ulieleza kitu ambacho haukubuniwa kukieleza. Vimitikisiko vya kwanta, yaani mitetemo midogo ya kubahatisha iliyomo katika maumbile yenyewe, vilivyovutwa pamoja na nafasi viligeuka kuwa mbegu za galaksi, na takwimu za mbegu hizo zinalingana vizuri na vilivyopimwa katika mnururisho wa mandharinyuma na setilaiti za COBE, WMAP na Planck. Anayeukosoa mfumuko bila kulitaja hilo hatendi haki.

Kama unafanya kazi hivyo, mbadala wa nini?

Jina la Steinhardt limetajwa hapo juu miongoni mwa wajenzi wa mfumuko. Mwaka 2002 alipewa tuzo ya fizikia ya Medali ya Dirac huko Trieste, Italia, pamoja na Guth na Linde kwa kazi hiyohiyo. Mwaka huohuo, yeye na Neil Turok walichapisha modeli ya mzunguko iliyokusudiwa kuuondoa mfumuko. Mkosoaji mkubwa wa nyumba hii ni mmoja wa mafundi wake.

Malalamiko yake ni mawili. Kwanza, mfumuko ukishaanza, mara nyingi haumaliziki kila mahali kwa pamoja. Vimitikisiko vya kwanta huufanya uendelee katika baadhi ya sehemu milele, huku sehemu nyingine zikitoka na kuwa malimwengu yenye tabia za kila namna. Chochote kinachoweza kutokea kinatokea mahali fulani, na nadharia inayoruhusu kila kitu haijatabiri kitu. Pili, ili mfumuko uanze, panahitajika eneo ambalo tayari limetulia kiasi. Tatizo tulilotaka kuliondoa linasogezwa nyuma tu.

Mwaka 2017 Steinhardt, Anna Ijjas na Abraham Loeb waliyaandika haya katika jarida la Scientific American. Wanasayansi 33, akiwemo Stephen Hawking, walijibu kwa barua ya pamoja wakisema mfumuko umetoa utabiri uliopimwa na ukathibitika. Nikisoma pande zote mbili, naona barua ile ilijibu vizuri hoja ya vipimo na ikaipita kando hoja ya malimwengu yasiyo na idadi.

Wazo la ulimwengu unaojirudia ni jipya?

Hata kidogo. Alexander Friedmann aliliona katika milinganyo ya Einstein mwaka 1922, na Georges Lemaître akaligusa miaka ya 1930. Aliyelizima ni Richard Tolman, mwaka 1934. Alionyesha kwamba entropia, yaani kile kipimo cha mvurugiko kisichopungua, huongezeka katika kila mzunguko, na kwa hiyo kila mzunguko huwa mrefu kuliko uliotangulia. Ukihesabu kurudi nyuma, mizunguko inafupika hadi unafika kwenye mwanzo. Wazo likalala kwa miongo mingi.

Modeli ya kisasa ilitoka wapi?

Ilitoka katika nadharia ya nyuzi, inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Mwaka 1999 huko Cambridge, Steinhardt na Turok walisikiliza mhadhara wa Burt Ovrut kuhusu uwezekano kwamba ulimwengu wetu ni utando wenye vipimo vitatu (urefu, upana na kina) unaoelea katika nafasi yenye vipimo zaidi, na kando yake, kwa umbali mdogo mno, kuna utando mwingine. Wakajiuliza: vipi tando hizo zikigongana? Mwaka 2001, pamoja na Ovrut na Justin Khoury, wakatoa modeli ya ekpirotiki, ambayo kwayo joto la Mlipuko Mkuu ni joto la mgongano. Mwaka uliofuata ikawa ya mzunguko: tando zinagongana, zinaachana, ulimwengu unapanuka kwa muda unaofikia takriban miaka trilioni moja, kisha zinavutana na kugongana tena.

Turok ana historia inayotuhusu. Alizaliwa Johannesburg, wazazi wake wakafungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, na baadaye familia ikaishi ukimbizini Kenya na Tanzania kabla ya kwenda Uingereza. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya sayansi za hisabati ya AIMS huko Muizenberg, Cape Town, na vituo vingine vikafuata Senegal, Ghana, Kameruni, Tanzania na Rwanda. Vijana kadhaa wa Afrika Mashariki waliosoma kosmolojia wamepitia mlango alioufungua mtu huyu.

Kusinyaa kunawezaje kulainisha ulimwengu? Si kungeukunjakunja?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba ndiyo, kungeukunjakunja. Ulimwengu unaosinyaa kwa kawaida huvurugika: upande mmoja unabanwa haraka, mwingine unatanuka, kisha zinabadilishana, na mwisho wake ni fujo.

Fikiria ulimwengu unaosinyaa hadi nusu ya ukubwa wake. Mchango wa upindo wa nafasi unaongezeka mara 4. Msongamano wa maada unaongezeka mara 8, kwa sababu ujazo umepungua mara 8. Mnururisho unaongezeka mara 16, kwa kuwa mawimbi yake nayo yamebanwa. Mchango wa kutolingana kwa pande, yaani ile hali ya upande mmoja kusinyaa kuliko mwingine, unaongezeka mara 64. Huyu ndiye mshindi wa mashindano, na ndiye analeta fujo.

Kilichoongezwa na modeli ya ekpirotiki ni mshindani mpya: uga, yaani nishati iliyoenea kote katika nafasi, wenye kanieneo kubwa kuliko msongamano wake wa nishati. Hesabu inaonyesha kwamba uga wa namna hiyo hukua haraka kuliko mara 64, na kanieneo ikiwa kubwa mno, haraka zaidi kupita kiasi. Upindo na kutolingana havijapungua, lakini vimeachwa mbali hata havina sauti tena. Ulimwengu unaelekea kwenye kudunda, yaani kugeuka kutoka kusinyaa hadi kupanuka, ukiwa laini na mnyoofu.

Mfumuko hufanya jambo hilohilo kwa njia ya kinyume. Katika mpanuko kila kitu kinapungua, na anayeshinda ni yule anayepungua polepole kuliko wote, yaani nishati ya uga wa mfumuko, ambayo karibu haipungui kabisa. Mlinganyo ni uleule, umesomwa kutoka upande wa pili.

Tena ulimwengu hauhitaji kusinyaa sana. Ukubwa wake unaweza kupungua kidogo tu huku upeo, yaani umbali ambao vitu vinaweza kuathiriana, ukipungua kwa kiasi kikubwa mno. Ndiyo maana siku hizi watafiti wake husema juu ya kusinyaa kwa polepole. Na lile swali la vikombe vya chai linajibika bila mbwembwe: muda ulikuwepo wa kutosha kabla ya mlipuko, pande zote zikakutana na kusawazika.

Entropia ya Tolman imekwenda wapi?

Imesambazwa. Nishati ya giza, iliyogunduliwa mwaka 1998 kupitia supanova (nyota zinazolipuka) za mbali, ndiyo inayosukuma mpanuko uendelee kwa kasi. Katika modeli ya mzunguko awamu hiyo ina kazi maalumu: inaitawanya maada, mashimo meusi na entropia yote hadi eneo litakalozaa ulimwengu unaofuata wa kuonekana liwe karibu tupu. Entropia haijafutwa, imesukumwa nje ya upeo. Nakiri kwamba napenda jambo hili, kwamba nishati ya giza, ambayo katika picha ya kawaida ni kiongezi kisicho na sababu, hapa inalipwa mshahara kwa kazi inayofanya.

Udhaifu wake uko wapi?

Katika kudunda kwenyewe. Ili ulimwengu unaosinyaa ugeuke na kuanza kupanuka, nadharia ya uhusianifu ya Einstein inadai aina ya nishati inayovunja sharti ambalo maada yote ya kawaida hulitii. Bila hiyo unafika kwenye msongamano usio na kikomo, mahali ambapo milinganyo hukata kauli. Katika modeli ya tando hatari hii ilihamishiwa kwenye kipimo cha ziada, lakini hakuna aliyeonyesha kikamilifu nini hupita salama pale tando zinapogusana.

Ijjas na Steinhardt wamejenga modeli ambazo ulimwengu hudunda kabla haujawa mdogo kiasi cha kuhitaji fizikia ya kwanta ya mvutano. Nyuga wanazotumia ni za kubuni, na hakuna maabara iliyowahi kuziona. Ni haki kuongeza kwamba hata uga wa mfumuko hakuna aliyeuona.

Kosmolojia ya vitanzi vya kwanta, iliyoanzishwa na Martin Bojowald na kuendelezwa na Abhay Ashtekar na wenzake, inapata kudunda bila kukilazimisha, kwa kuwa nafasi yenyewe ikibanwa kupita kiasi inasukuma nyuma. Hata hivyo wengi wa wanaoitumia huweka mfumuko baada ya kudunda, kwa hiyo si mbadala wake moja kwa moja.

Kuna kovu lingine pia. Toleo rahisi la ekpirotiki, lenye uga mmoja, linatoa mbegu za galaksi zenye mpangilio usiolingana na anga. Ilibidi uongezwe uga wa pili, na baadhi ya modeli hizo za nyuga mbili zilitabiri alama fulani za kitakwimu ambazo setilaiti ya Planck haikuziona ilipotoa matokeo mwaka 2013. Baadhi zilikufa siku hiyo. Zilizobaki zimenyumbulishwa, na hapo lawama inayotupiwa mfumuko inaanza kuwarudia wenyewe.

Na modeli ya Roger Penrose?

Ni kitu tofauti, ingawa magazeti huzichanganya. Kwa Penrose, mwanafizikia wa hisabati wa Uingereza, hakuna kusinyaa kabisa. Ulimwengu unapanuka hadi mashimo meusi yote yanayeyuka na kinachobaki ni vitu visivyo na tungamo, kama mwanga. Visivyo na tungamo havina saa wala rula, hivyo ukubwa unapoteza maana, na mwisho usio na kikomo wa enzi moja unaweza kushonwa kwenye mwanzo wa enzi nyingine. Ni hisabati ya kuvutia sana, lakini inataka hata elektroni zipoteze tungamo hatimaye, jambo ambalo hakuna dalili yake.

Mwaka 2010 yeye na Vahe Gurzadyan walidai kuona duara katika mnururisho wa mandharinyuma, alama za enzi iliyopita. Vikundi kadhaa vilirudia uchambuzi na kukuta duara kama hizo hutokea kwa bahati katika anga la kawaida. Madai ya baadaye ya madoa ya joto yaliyoachwa na mashimo meusi ya kale nayo hayakupita ukaguzi. Nobeli yake ya mwaka 2020 ilikuwa ya kazi ya mashimo meusi, si ya hili.

Kipimo gani kinaweza kuamua?

Mawimbi ya mvutano ya kale. Mfumuko hutikisa nafasi kwa nguvu kiasi cha kuacha mawimbi yenye urefu wa kiwango cha ulimwengu wote, na mawimbi hayo yangeacha mpangilio wa kujizungusha wa aina maalumu katika polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, ya mnururisho wa mandharinyuma. Kusinyaa kwa polepole hakuna ukali huo, na mawimbi yake ya aina hii ni dhaifu mno kupimika. Kwa hiyo yakionekana, modeli ya Steinhardt na Turok imekufa. Wamelisema wenyewe wazi tangu mwanzo.

Tarehe 17 Machi 2014 ilidhaniwa imekufa. Kikundi cha BICEP2, chenye darubini yake Ncha ya Kusini, kilitangaza kuyaona. Hawking alisema ameshinda dau lake na Turok, naye Turok akajibu kwamba ni mapema mno kulipa. Alikuwa sahihi. Mwanzoni mwa 2015, uchambuzi wa pamoja na timu ya Planck ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya alama ile ilikuwa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Walichotangaza ni uwiano wa karibu 0.2 kati ya nguvu ya mawimbi hayo na ya mbegu za galaksi; mwaka 2021 vipimo vya BICEP/Keck, darubini zilizofuata hukohuko Ncha ya Kusini, vilishusha kikomo hadi chini ya 0.036. Modeli kadhaa rahisi za mfumuko, zile zilizokuwa katika vitabu vya kiada, zimeondolewa na namba hiyo.

Ila tazama mizani ilivyolala. Mawimbi yakipatikana, upande mmoja unaanguka. Yasipopatikana, mfumuko hauanguki, kwa sababu zipo modeli zake zenye mawimbi madogo kadiri utakavyo. Mmoja ameweka shingo yake mezani na mwingine hajaweka. Hiyo haithibitishi kwamba wa kwanza ni mkweli, lakini ndiyo sababu yangu ya kumsikiliza.

Vitambuzi vya LIGO huko Marekani si vilishayagundua mawimbi ya mvutano mwaka 2015?

Ndiyo, lakini yale yalitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyoungana. Hayahusiki na ubishi huu.

Je, mzunguko unafuta mwanzo wa ulimwengu?

Pengine hapana, na hapa mashabiki wengi huvunjika moyo. Mwaka 2003 Arvind Borde, Guth na Alexander Vilenkin walithibitisha kwamba ulimwengu ambao kwa wastani umekuwa ukipanuka hauwezi kuendelezwa nyuma bila kikomo. Mwaka 2022 William Kinney na Nina Stein wakaitumia hoja hiyo dhidi ya mizunguko mipya: ili entropia isambazwe, kila mzunguko lazima uache nafasi kubwa kuliko ilivyokuta, na hiyo ndiyo maana ya kupanuka kwa wastani. Dawa ya ugonjwa wa Tolman inaleta ugonjwa wa mwanzo. Kile ambacho modeli inaweza kufanya ni kuusogeza mwanzo huo mbali mno hata usituhusu.

Basi inagongana na imani ya Uumbaji?

Lemaître alikuwa padre Mkatoliki na mmoja wa waasisi wa Mlipuko Mkuu, na hakupenda nadharia yake itumiwe kama ushahidi wa kidini. Msimamo huo unatosha kwa mizunguko pia.

Katika mzunguko ujao nitakuwepo tena?

Hapana. Sheria za fizikia zinabaki, matukio hayarudiwi.

Kusinyaa kwetu kutaanza lini?

Inategemea nishati ya giza. Ikiwa ni thamani isiyobadilika, hakutaanza kamwe, na mizunguko yote imekwisha hapo. Modeli ya mzunguko inahitaji nishati hiyo iwe uga unaoshuka taratibu hadi ugeuke kuwa mvutano. Mwaka 2022 Cosmin Andrei, Ijjas na Steinhardt walikokotoa kwamba, kwa vipimo vilivyokuwepo, kasi ya mpanuko ingeweza kuanza kupungua ndani ya miaka chini ya milioni 100. Hawakusema itatokea, walisema hakuna kilichoikataza.

Tangu hapo mradi wa DESI, unaopima nafasi za mamilioni ya galaksi kutoka Kitt Peak, Arizona, umetoa matokeo ya mwaka 2024 na 2025 yanayodokeza kwamba nishati ya giza inadhoofika. Nguvu ya dokezo, kwa sigma, yaani kipimo cha uhakika wa kitakwimu, ni kati ya 2.8 na 4.2 kulingana na data za supanova zinazounganishwa nayo, na wanafizikia hudai sigma 5 kabla ya kuita kitu ugunduzi. Kudhoofika pekee hakuleti kusinyaa. Uga unaweza kushuka ukatulia kwenye sufuri. Kwa upande wa mawimbi, darubini za Simons Observatory katika jangwa la Atacama, Chile, zimeshaanza kazi, na Japani inaandaa setilaiti ya LiteBIRD kwa ajili ya alama ileile ambayo BICEP2 iliichanganya na vumbi.